Mwenyekiti wa kijiji anauliza: watu hawaji mkutanoni, tuwapige faini?

Swali limetoka kwa mwenyekiti wa kijiji, mpya, ameingia kwenye uchaguzi wa Novemba 2024 na anasema alipita bila kupingwa. Nalifupisha: "Nikiitisha mkutano mkuu wanakuja wazee wachache na wajumbe wangu, akidi haitimii, tunaahirisha. Ikitangazwa ni TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini) uwanja unajaa. Hao wachache wanaokuja wananiuliza hela za mabati zilizochangwa kipindi cha mwenyekiti aliyepita, mimi sizijui. Mtendaji kila siku anasema ripoti ya mapato na matumizi bado anaiandaa. Wajumbe wamependekeza tuweke faini kwa kaya isiyohudhuria, na asiyehudhuria asipewe barua ya utambulisho. Nifanyeje?"

Ndugu mwenyekiti, heshima yako. Nimefanya kazi za maendeleo ya jamii kwenye kata na vijiji kwa miaka mingi na hili swali lako nalisikia kila mahali, ila wewe umeuliza kabla hujaanza kukamata kuku wa watu, kwa hiyo nakujibu kwa urefu.

Nianze na faini. Usiweke. Kwanza kisheria huwezi kuamka tu na wajumbe wako mkaamua, sheria ndogo ya kijiji inapendekezwa na halmashauri ya kijiji, wananchi wanatoa maoni kwenye mkutano mkuu, afu inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa ndo inakuwa sheria. Sasa utaipitisha wapi wakati tatizo lako ni kwamba huo mkutano wenyewe haukai? Pili, Katiba yetu ya Tanzania ibara ya 21 inasema kila raia ana haki ya kushiriki kikamilifu kwenye maamuzi ya mambo yanayomhusu. Haki mtu anaitumia, hatozwi faini kwa kutoitumia. Na hiyo ya kunyima barua za utambulisho ndo mbaya zaidi, maana mtoto wa watu anataka kujiunga na chuo, mama anataka kufungua akaunti benki, mwingine anamdhamini ndugu yake polisi, wewe unamwambia hukuja mkutanoni Machi. Barua ya utambulisho inasema huyu ni mkazi wetu, basi, haisemi ni mkazi mtiifu. Nimeona kijiji kimoja kilichofanya hivyo, watu walikuja kweli mara moja, wakasaini, wakaondoka kabla ajenda ya pili haijafunguliwa. Ukawa na majina mengi kwenye karatasi na uwanja mtupu.

Sasa jibu la swali lako umeshaliandika mwenyewe kwenye swali, uliposema TASAF uwanja unajaa. Wengi wanasema wananchi wetu wanapenda vya bure, mimi sikubaliani kabisa. Siku ya TASAF orodha ya kaya inasomwa mbele ya watu, mtu anasikia jina la jirani yake ana ng'ombe na duka, ananyanyua mkono anapinga, na anaona kwa macho yake jina linajadiliwa. Yaani kuna kitu kinaamuliwa pale pale na yeye ana mkono kwenye hicho kitu. Linganisha na mkutano wako wa kawaida: kufungua, salamu za mtendaji wa kata, maagizo ya usafi wa mazingira, maagizo ya michango, mengineyo, kufunga. Mtu ameacha palizi anakuja kusikiliza maagizo ambayo angeyasikia kwa kijana wa kipaza sauti barabarani.

Na hii tabia ya mkutano wa maagizo haikuanza na wewe. Serikali za mitaa tulizifuta 1972, kila kitu kikashuka kutoka mkoani na wilayani, vijiji vikapata sheria yake 1975 lakini kipindi kile mtu alikuwa anaitwa uwanjani kuambiwa ahamie wapi na alime nini. Zikarudishwa kwa sheria za 1982, tukaandika na kwenye Katiba, ibara ya 146, kwamba madhumuni ya kuwepo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Maandishi yalibadilika, ila namna ya kuendesha mkutano kwenye vijiji vingi imebaki ile ile, kiongozi meza kuu anasema, mwananchi chini ya mwembe anasikiliza.

Kwa hiyo kabla ya yote wewe mwenyewe ujue mkutano mkuu ni nini, na wananchi wajue pia. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, mkutano mkuu ni wa kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea, na ndo chombo cha juu kabisa cha kijiji kwenye mambo ya sera za kijiji. Ndo unaichagua halmashauri ya kijiji na unaweza kuiondoa, yote au mjumbe mmoja mmoja. Wewe na mimi tukiongea ukweli, wenyeviti wengi hawapendi wananchi wajue hiyo sehemu ya mwisho. Wewe isome mbele yao. Ulipita bila kupingwa, maana yake hakuna aliyepata nafasi ya kukuchagua dhidi ya mwingine, na wapo wanaokuona kama umewekwa. Ukisimama ukasema jamani mkutano huu una uwezo wa kuniondoa nikiharibu, na kila miezi mitatu lazima niwaite niwape hesabu, umeanza kuutafuta ule uhalali ambao siku ya kura haikukupa.

Tuje kwenye mapato na matumizi maana hapo ndo penye moyo wa jambo. Watu wanadhani ripoti ya fedha ni ile karatasi ndefu ya mtendaji yenye vifungu, anasoma haraka haraka kwa dakika kumi, mwisho anasema salio ni kiasi kadhaa, maswali? Hamna swali, maana hamna aliyeelewa. Hiyo haihesabiki kama taarifa. Taarifa ni hivi, nakupa mfano: "Kwa ajili ya choo cha shule kila kaya ilitoa shilingi 5,000. Kaya zilizotoa ziko kwenye orodha hii, kitongoji kwa kitongoji, ambayo nimeibandika pale. Tumenunua mifuko 40 ya saruji, risiti hii hapa. Iliyotumika ni 38. Miwili iko stoo ya shule, ufunguo anao mwalimu mkuu, atakayetaka kwenda kuiona kesho aende." Mwananchi hata kama hajui kusoma ameelewa, anajua mifuko ni mingapi na ufunguo uko kwa nani. Na kwenye miradi ya fosi akaunti, ile inayojengwa na mafundi wa kawaida bila mkandarasi, ni rahisi zaidi, kwa sababu kuna kamati za wananchi wenyewe, ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Msimamishe yule mama wa kamati ya mapokezi aseme yeye alipokea nondo ngapi na tarehe ngapi. Usimsemee.

Afu ibandike kwenye ubao wa matangazo, na ubao uwe mahali watu wanapita. Ubao ulioko ndani ya ofisi ya kijiji, ofisi yenyewe inafunguliwa mtendaji akiwepo, huo hauna kazi. Weka nakala kisimani, mashineni, dukani, penye bodaboda.

Kitu kingine ambacho wenyeviti wapya hamkifikirii ni karatasi ya mahudhurio. Kuna vijiji watu hawaji, au wanakuja hawasaini, kwa sababu ya kumbukumbu mbaya: walisaini mahudhurio ya mkutano wa maji, karatasi ikaenda kuambatanishwa na muhtasari unaosema kijiji kimeridhia kumpa mwekezaji ardhi. Sijui kama kwenu imetokea ila waulize wazee wako kwa utaratibu, usishangae. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza, na kila mkutano wa kawaida halmashauri inatakiwa itoe taarifa ya usimamizi wa ardhi na isikilize maoni. Sasa ukishakuwa na sheria inayosema lazima mkutano uridhie, wajanja wanatafuta sahihi za mkutano. Dawa yake ni ndogo na haina gharama. Juu ya kila karatasi ya mahudhurio, kila moja na sio ya kwanza tu, andika tarehe na ajenda zote za siku hiyo kabla mtu wa kwanza hajasaini. Jina la mwisho likishaandikwa piga mstari, hesabu majina, tamka idadi kwa sauti, "tuko 212", iandikwe kwenye muhtasari. Ajenda isiyokuwa kwenye ile karatasi haijajadiliwa, mwisho. Ukifanya hivyo mbele ya watu mkutano wa kwanza tu, wapo watakaoelewa unachokifanya bila kuambiwa, na watarudi.

Na kama kuna ombi la ardhi mezani kwako sasa hivi, lisiingie kwenye mengineyo. Litangazwe wiki kadhaa kabla, vitongoji vitembelee hilo eneo, ukubwa utajwe kwa ekari ambazo watu wanazijua.

Sasa yatokanayo. Hii ajenda ndogo inayoitwa yatokanayo na mkutano uliopita ndo inayoamua kama watu watarudi, na ndo tunayoipitisha kwa "tuendelee". Mtu aliuliza mwezi wa tatu kuhusu daraja la mtoni, ukamwambia tutalifuatilia. Mwezi wa sita anakuja, hamna anayekumbuka. Mwezi wa tisa haji, na hawezi kukuambia kwa nini, ataenda shamba tu. Wewe fanya hivi: kila swali lililoulizwa liandikwe na jina la aliyeuliza na jina la aliyepewa kulifuatilia, na mkutano unaofuata uanzie hapo, jina kwa jina. "Mzee fulani wa kitongoji cha juu uliuliza daraja, nilikwenda kwa mtendaji wa kata, nikaandika barua wilayani, barua hii hapa ina muhuri wa kupokelewa, jibu wamesema halipo kwenye bajeti ya mwaka huu." Jibu ni hapana, lakini yule mzee amejua swali lake lilitembea mpaka wilayani. Kwa uzoefu wangu watu wanavumilia hapana nyingi sana kama inakuja na maelezo. Kisichovumilika ni ukimya.

Hapo hapo kwenye bajeti, angalia kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, Bunge linakaa na bajeti kuanzia Aprili, kwa hiyo halmashauri ya wilaya yako inakuwa imeshafunga mapendekezo yake mapema kabla ya hapo. Mkutano wa kujadili vipaumbele vya kijiji ukiufanya Mei mnaongea mambo ambayo gari limeshaondoka. Ufanye miezi ya mwisho ya mwaka, Oktoba au Novemba hivi, upitie kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kwa diwani wako, na mbane diwani awaeleze kipi kimepita na kipi kimekatwa na kwa nini. Watu wengi wamechoshwa na ule mpango wa Fursa na Vikwazo kwa sababu hiyo tu, wanakaa siku kadhaa wanaorodhesha mahitaji, zahanati, maji, nyumba ya mwalimu, karatasi zinakwenda wilayani, hawasikii tena mpaka timu nyingine inakuja kuorodhesha upya. Orodha ya vilivyokatwa ni taarifa muhimu sawa na vilivyopita. Isome.

Hela za mabati. Hilo deni si la kwako lakini liko kwenye kiti ulichokalia, kwa hiyo ukisema "mimi sihusiki" umepoteza. Tafuta kwanza hati ya makabidhiano, ulikabidhiwa nini siku unaingia? Kama hamkukabidhiana kwa maandishi, andika leo unachokikuta: vitabu vya stakabadhi vilivyopo, vya namba ngapi mpaka ngapi, mihtasari ipo ya miaka gani, salio la benki. Halafu nenda mkutanoni useme nimekuta hiki, sijakuta hiki. Usimtaje mtu kuwa mwizi, huna ushahidi, na mwenyekiti aliyepita ana ndugu na watu wake pale uwanjani, mkutano utageuka vita ya koo na hutaweza kuitisha mwingine. Pendekeza wananchi wachague watu wachache wanaowaamini, wasiwe wajumbe wako, nusu wawe wanawake, wakusanye nani alitoa, alipewa stakabadhi gani, alimpa nani. Vijiji vingi vimewahi kuwa na hizi kamati za ufuatiliaji wa fedha za umma, watu wanaziita PETS. Wakishapata kitu mkononi, mkutano uazimie kuandika kwa mkurugenzi wa halmashauri kuomba mkaguzi wa ndani aje, na ikionekana kuna jinai TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wapo. Mpaka hilo liwe limepewa njia, usianzishe mchango mpya wowote. Wowote, hata kama wa kata wanakubana, hata kama ni wa maabara. Waambie hao wa kata kwamba hapa kuna deni la uaminifu lazima lilipwe kwanza.

Mtendaji wako sasa. Huyu si mfanyakazi wako, ameajiriwa na halmashauri ya wilaya, ila ni katibu wa halmashauri ya kijiji na vitabu viko chini yake, kwa hiyo bila yeye huna ripoti. Nimeona wenyeviti wanaanza kwa kumgombeza mbele ya watu, inapendeza masikioni siku hiyo, afu miezi inayofuata huoni karatasi hata moja. Anza naye ofisini. Inawezekana haibi kabisa, ila hesabu zimemshinda, kaachiwa na mwenzake aliyehamishwa, stakabadhi zimechanganyika na anaogopa kusema. Muulize moja kwa moja, na mwombe mtendaji wa kata awatafutie mhasibu kutoka wilayani akae naye. Halmashauri ya kijiji inatakiwa ikutane kila mwezi, basi iwe na ajenda ya fedha kila mwezi, kidogo kidogo, ili robo mwaka ikifika ripoti iwe imeshajiandika. Kama bado anakwepa, halmashauri ya kijiji iandike azimio, barua iende kwa mkurugenzi kupitia mtendaji wa kata, nakala kwa diwani, na wewe ubaki na nakala yenye muhuri. Halafu mkutanoni sema ukweli: ripoti haijakamilika, tumeandika barua tarehe fulani, tunasubiri.

Mengine kwa haraka. Muda: usiite mkutano siku ya mnada wala wakati wa palizi asubuhi, uliza wanawake hasa saa gani wanaweza, na wakija wasikae wote nyuma huku meza kuu inanyoosha kidole kwa wazee wa mbele tu. Njia ambayo nimeiona inasaidia ni kuanza na mikutano ya vitongoji, kule ni majirani, mama anaongea bila woga, halafu mwenyekiti wa kitongoji analeta maswali ya kwao yakiwa yameandikwa. Chama: usitume mabalozi wa nyumba kumi kutangaza mkutano wa kijiji, hao ni wa chama, na mwenye chama kingine atasema haunihusu. Kofia na fulana za chama zibaki nyumbani siku hiyo, na za kwako zianze. Grupu la WhatsApp ni zuri kwa kutangaza na kutuma picha ya ubao, lakini haliamui chochote, kwa sababu bibi asiye na simu ni mjumbe wa mkutano mkuu sawa na kijana mwenye bando.

Mkutano wako ujao uwe na ajenda tatu tu, mapato na matumizi hata kama ni ya nusu, suala la mabati, na yatokanayo. Akidi isipotimia usiwarudishe nyumbani mikono mitupu waliokuja. Maamuzi hamtafanya, ila taarifa inaweza kusomwa na maswali yakaulizwa na kuandikwa, kisha mtangaze tarehe mpya pale pale na kuwaomba hao hao waende kusimulia kitongojini walichosikia. Jioni hiyo hiyo ripoti ibandikwe mashineni.